Kambi na Mwendo: Askari kabla ya Risasi ya Kwanza

Riwaya: The Red Badge of Courage (Stephen Crane)
Sura ya 1 hadi ya 3

Watahiniwa wengi huzipitia sura hizi tatu mbiombio. Wanajua kwamba Henry Fleming atakimbia vita katika sura ya 6, kwamba Jim Conklin atafariki katika sura ya 9, na kwamba baadaye Henry atabeba bendera ya kikosi. Basi wanaharakisha kufika huko. Ukiwauliza ni nini kilichotokea kambini watakujibu kwamba hakuna kilichotokea, na kwa kiasi fulani wanasema kweli. Katika sura hizi kikosi cha Henry hakijaingia vitani. Askari wanangoja, wanafanya gwaride, wanabishana, wanatembea, wanachoka na kulala.

Lakini swali linaloibeba riwaya nzima linaulizwa papa hapa, kwenye kungoja na kwenye kutembea: nikifika vitani, nitasimama au nitatoroka? Usipolishika swali hilo mapema, utakapofika sura ya 6 utamwona Henry kuwa mwoga tu, uandike "Henry ni mwoga kwa sababu alikimbia" na jibu lako liishie hapo. Mtahini hakutumi umhukumu Henry. Anakutaka uonyeshe hofu yake ilizaliwa wapi, ikalelewa na nini, na mwandishi ametumia mbinu gani kutuonyesha.

Muktadha

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipiganwa kuanzia Aprili 1861 hadi 1865. Majimbo 11 ya Kusini, ambayo uchumi wake ulitegemea kazi ya watumwa, yalijitenga na Muungano, na majimbo ya Kaskazini yakapigana kuyarejesha. Henry ni kijana wa shambani kutoka jimbo la New York, upande wa Kaskazini, ambao askari wake walivaa sare za bluu. Wenzao wa Kusini walivaa kijivu, na wengi wao nguo za kahawia iliyopauka, jambo ambalo utalihitaji baadaye.

Crane hataji jina la pigano wala tarehe. Hata hivyo, wahakiki wengi wanakubaliana kwamba ni pigano la Chancellorsville, jimbo la Virginia, mwanzoni mwa Mei 1863, na mwandishi mwenyewe alilitaja jina hilo katika hadithi fupi ya 1896 inayomwonyesha Henry akiwa mzee. Majira ya baridi yaliyotangulia pigano hilo, jeshi la Kaskazini lilikuwa limepiga kambi ukingoni mwa mto Rappahannock, adui akiwa ng'ambo. Linganisha na sura ya 1: mto, vilima, majeshi mawili yanayotazamana, na baridi inayoondoka polepole.

Jambo moja zaidi kuhusu mwandishi. Crane alizaliwa mwaka wa 1871, miaka sita baada ya vita kwisha. Alipoichapisha riwaya hii mwaka wa 1895 hakuwa amewahi kuona pigano lolote kwa macho yake. Ukiulizwa kama riwaya ni tawasifu, jibu ni hapana. Usiandike kwamba Crane "anatusimulia aliyoyapitia vitani". Hoja ya aina hiyo haipati alama hata ikipambwa vipi.

Habari inayotoka mtoni

Jim Conklin, ambaye msimulizi humwita askari mrefu, anakwenda mtoni kufua shati. Anarudi mbio huku akilipeperusha shati lile kama bendera. Ana habari: kesho jeshi litaondoka. Kaambiwa na nani? Na rafiki anayeaminika, aliyeambiwa na askari wa farasi asiyesema uongo, aliyeambiwa na ndugu yake mwaminifu aliye tarishi katika makao makuu ya divisheni. Wahesabu watu hao. Kila mmoja anapewa sifa ya ukweli, na kadiri sifa zinavyorundikwa ndivyo habari inavyozidi kunuka uvumi. Hiyo ni kejeli, na mtahiniwa anayeitambua huwa ameshaonyesha kwamba anasoma sauti ya msimulizi pamoja na matukio. Siku inayofuata uvumi huo unathibitika kuwa wa uongo.

Tazama sasa walivyoipokea. Askari mwenye makelele, jina lake Wilson, anakasirika: kwa wiki mbili amejitayarisha kuondoka mara nane, na bado wako pale pale. Koplo mmoja naye anaghadhabika kwa sababu ametoka tu kuweka sakafu ya mbao ya gharama katika kibanda chake. Mimi humpenda sana koplo huyu. Hana jina, hatumwoni tena, lakini ukiulizwa kuhusu taswira ya maisha ya kambini atakufaa kuliko jenerali yeyote. Alikuja kupigana, na sasa ana nyumba ambayo hataki kuiacha.

Mbona uvumi una nguvu hivyo? Kwa sababu askari wa kawaida haambiwi chochote. Hajui anakwenda wapi, lini wala kwa nini. Maamuzi yanafanywa mahali asipopafikia, naye anabaki kukisia. Andika hoja hiyo chini ya maudhui ya uongozi na uwezo: jeshi la riwaya hii ni chombo kinachosukumwa na watu ambao askari hawawaoni. Katika sura ya 2 mjumbe anakuja mbio juu ya farasi usiku, anazungumza na kanali, kisha anapoondoka anageuka na kupaza sauti akimkumbusha kanali kuhusu boksi la sigara. Henry anabaki akijiuliza sigara zina uhusiano gani na vita. Kwa wakubwa vita ni kazi ya kila siku iliyochanganyika na sigara. Kwa Henry ni kufa na kupona.

Kibanda

Baada ya mabishano Henry anajipenyeza ndani ya kibanda chao kupitia tundu linalotumika kama mlango na kujilaza. Soma maelezo ya kibanda hiki taratibu. Kuta ni za magogo. Paa ni hema lililokunjwa, jua linalipiga hadi linatoa mwanga wa manjano. Masanduku ya biskuti za jeshi ndiyo samani. Bunduki tatu zimening'inia sambamba kwenye vigingi, na picha iliyokatwa kutoka gazeti imebandikwa ukutani. Bomba la moshi limejengwa kwa udongo na vijiti, nalo kila mara linatishia kuiteketeza nyumba nzima.

Mandhari haya yana kazi. Picha na samani za masanduku zinaonyesha vijana wanaojaribu kuigeuza kambi iwe kama kwao. Bomba la moshi linatukumbusha kwamba utulivu huo ni wa kuazima. Na ni humu ndani, penye joto na usalama, ambamo Henry anaanza kuogopa. Hiki ni kinaya: hatari ikiwa mbali ndipo hofu inapopata nafasi ya kukua, kwa sababu hana cha kufanya ila kuwaza.

Soksi za mama

Akiwa amelala hapo, msimulizi anaturudisha nyuma. Mbinu hii ni kisengere nyuma, au mbinu rejeshi, na karibu kila mtahiniwa huitambua. Shida ni kwamba wengi huishia kuitaja. Taja, toa mfano, kisha eleza imefanya nini.

Henry alikulia kwenye ndoto za vita vya kale, vya mashujaa na mataji. Magazeti na uvumi wa kijijini viliichochea ndoto hiyo hadi akajiandikisha jeshini bila ridhaa ya mama yake. Alipomletea habari, mama alikuwa akikamua ng'ombe. Henry alikuwa ameitayarisha moyoni hotuba tamu ya kuagana, akitarajia machozi na maneno makubwa. Mama akaendelea kumenya viazi huku akimwambia mambo ya kawaida kabisa: kwamba yeye ni mmoja tu miongoni mwa wengi na asijidhanie ataweza kulishinda jeshi zima peke yake; kwamba ukifika wakati wa kuchagua kati ya kuuawa na kutenda ovu, asifikirie chochote ila lililo haki. Amemfumia jozi nane za soksi na kumfungashia fulana nzuri na kikombe cha jamu ya matunda. Soksi zikitoboka, azirudishe nyumbani mara moja azitie viraka.

Henry anaona maneno haya yanachosha. Anapofika langoni anageuka na kumwona mama amepiga magoti kati ya maganda ya viazi, uso ukiwa umelowa machozi, naye anaona haya ghafla na kuondoka.

Unapomjadili mama, usimwite tu "mwenye mapenzi". Mama ndiye mtu wa kwanza katika riwaya anayezungumza kuhusu vita bila uongo. Anajua mwanawe ni mdogo ndani ya jambo kubwa, anajua atalowa na atatobokewa na soksi, na anajua kwamba kuna mabaya mawili, kuuawa na kutenda ovu, na kwamba la pili ndilo la kuepukwa kwanza. Henry atahitaji sura 24 kufika mahali ambapo mama yake alikuwa ameketi akimenya viazi.

Zishike soksi hizo akilini. Tutazirudia.

Gwaride, adui na wakongwe

Njiani kuelekea Washington kikosi kilishangiliwa na kulishwa katika kila kituo, hata Henry akaamini kwamba ameshakuwa shujaa. Kisha ikaja miezi ya kambi. Alidhani vita ni mfululizo wa mapambano ya kufa na kupona, katikati yake pakiwa na muda mchache wa kula na kulala. Alichokipata ni baridi na gwaride: mazoezi na ukaguzi, mazoezi na ukaguzi. Msimulizi anayarudia maneno hayo makusudi. Takriri hiyo inatufanya tuuhisi uchovu wenyewe, badala ya kuambiwa tu kwamba Henry alichoka.

Adui pekee aliowaona ni walinzi wa ng'ambo ya mto. Usiku mmoja akiwa zamu alizungumza na mmoja wao kuvuka maji, na mtu yule akamwambia kwa ucheshi kwamba yeye Henry ni kijana mzuri. Kwa muda Henry alijutia vita. Tukio hili ni la mistari michache tu, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vimo ndani yake vyote: lugha moja, ucheshi mmoja, mto mmoja katikati, na amri ya kuuana. Ukiulizwa kuhusu athari za vita hivi kwa jamii, anza na mto huu kabla hujafika kwenye maiti.

Wakongwe wa jeshi nao wana hadithi zao. Wengine wanasema askari wa Kusini ni majitu yenye ndevu yanayoshambulia huku yakilaani. Wengine wanasema ni watu waliochakaa, wenye njaa isiyokwisha. Henry hajui amwamini nani, kwa kuwa makurutu ni mawindo ya wakongwe. Wanawacheka, wanawafananisha na samaki waliovuliwa sasa hivi. Hata chanzo hiki cha ukweli hakimsaidii.

Hesabu isiyotoa jibu

Hapo ndipo swali linapomkaba. Anajaribu kujithibitishia, kama mtu afanyaye hesabu, kwamba hatakimbia, na kila mara hesabu inakataa. Hajijui. Mtindo wa Crane hapa ni kutuweka ndani ya fikra za Henry huku msimulizi akibaki wa nafsi ya tatu. Tunaona akionacho Henry, tunasikia akiwazacho, na hatujui akilini mwa wengine mna nini, kama yeye mwenyewe asivyojua.

Anamuuliza Jim kwa kuzungukazunguka kama amewahi kufikiri kwamba angeweza kukimbia. Jim anamjibu waziwazi: vijana wengi wakikimbia naye atakimbia, tena kwa kasi; wote wakisimama atasimama. Ni jibu la unyenyekevu na la kweli kupita majigambo yote ya riwaya hii. Katika sura ya 2 anamuuliza pia Wilson, naye anakasirika na kujigamba kwamba kukimbia hakumo kabisa. Majibu mawili, watu wawili. Usiyachanganye, maana swali la kulinganisha Jim na Wilson ni jepesi kutungwa.

Wenzake wanacheza karata, wanatania, wanaimba, naye anadhani yeye peke yake ndiye mwenye hofu. Je, ni kweli? Tutapata jibu mwishoni mwa sura ya 3, na si kutoka kwa Henry.

Mwendo

Hatimaye jeshi linaondoka. Kulipopambazuka safu mbili ndefu nyeusi zinaonekana zikipanda kilima mbele na kupotelea msituni nyuma, kama nyoka wawili watokao pangoni mwa usiku. Tashbihi hii inamfuta mtu mmoja mmoja: Henry sasa ni gamba moja katika mwili wa nyoka.

Siku ya kwanza ina kicheko. Askari mnene anajaribu kuiba farasi uani mwa watu ili ambebee mzigo. Msichana wa nyumba hiyo anatoka mbio na kumshika farasi manyoya ya shingo. Kikosi kizima kinamuunga mkono msichana, kinamzomea mwenzao, na kwa dakika kadhaa wanaisahau vita yao kubwa. Kuna watahiniwa watakaoliweka tukio hili chini ya "ucheshi" na kwenda zao. Lifikirie zaidi. Hili ndilo pigano la kwanza la kikosi tunaloliona, na katika pigano hilo jeshi linashangilia kushindwa kwa mtu wao, kwa sababu haki iko wazi na hakuna anayekufa. Vita vyenyewe havitakuwa wazi hivyo.

Jioni mahema yanachipuka kama mimea na mioto inachanua kama maua mekundu. Henry anajitenga gizani, anajilaza nyasini na kutamani kurudi nyumbani, kwa ng'ombe wale wale aliokuwa akiwalaani.

Katika sura ya 3 wanavuka mto usiku kwa madaraja ya mashua zilizofungwa pamoja, kisha asubuhi wanasukumwa haraka kwenye njia nyembamba ya msituni. Sasa ukurutu unaanza kuwatoka. Wanahesabu maili kwa vidole. Wilson analalamika kwamba vita ni miguu yenye maumivu na chakula kisichotosha. Shanta, ile mifuko ya mgongoni, zinaanza kutupwa. Wengine wanazitupa bila kujali, wengine wanazificha vizuri wakidai watarudi kuzichukua. Fulana nene zinafuata. Mwishoni wamebaki na nguo za lazima, blanketi, mfuko wa chakula, chupa ya maji, silaha na risasi. Jim anasema wameshabaki na kinachohitajika: kula na kupiga.

Jambo hili lina ukweli wa kihistoria. Kabla ya Chancellorsville askari wa Kaskazini waliamriwa kubeba chakula cha siku 8, na mzigo wa namna hiyo haudumu mgongoni katika mwendo wa haraka. Kifasihi, kutupa shanta ni jazanda: kijana anavua vya nyumbani kimoja kimoja. Fulana zilizotupwa zilikuwa nzuri, msimulizi anatukumbusha, na sisi tunakumbuka nani hufungashia vijana fulana nzuri.

Hata hivyo bado si wakongwe, na Crane anatuonyesha kwa vitu vidogo. Kofia zao bado zinafanana. Bendera yao ni mpya, na mbebaji wake huupaka mlingoti mafuta. Na safu yao ni ndefu mno. Wakongwe walipoiona mara ya kwanza waliuliza hiyo ni brigedi gani, na walipoambiwa ni kikosi kimoja tu, wakacheka. Kwa nini wakacheka? Kwa sababu vikosi vya wakongwe ni vifupi, na mtahiniwa makini ataeleza waliokosekana wako wapi.

Kiatu

Alfajiri moja Henry anaamshwa kwa teke na kujikuta akikimbia na wenzake msituni, chupa ya maji ikimgonga pajani. Anagundua kwamba hata akitaka hawezi kutoka: kikosi kimemzunguka, na sheria na desturi zimemzingira pande nne kama sanduku linalotembea. Kisha safu inakutana na maiti.

Amelala chali, macho yakitazama mbingu. Amevaa nguo za kahawia ya manjano zisizomkaa vizuri. Soli za viatu vyake zimelika hadi zimekuwa nyembamba kama karatasi ya kuandikia, na katika kiatu kimoja kilichopasuka mguu umejitokeza. Msimulizi anasema kana kwamba majaliwa yamemsaliti: kifo kimewaonyesha maadui zake umaskini ambao pengine aliwaficha hata marafiki. Safu inajigawa kimyakimya kumpisha. Upepo unazicheza ndevu zake kama mkono unaopapasa.

Hapa zirudie soksi. Sura ya 1 ina mama aliyefuma jozi nane na kuagiza zikitoboka azirudishiwe. Sura ya 3 ina mguu mtupu uliotoboa kiatu. Crane haviunganishi vitu hivi viwili kwa neno hata moja. Ukiviunganisha wewe, ukaandika kwamba huyu naye huenda alikuwa na mtu wa kumshonea, utakuwa umefanya kazi ambayo mwongozo hauwezi kukufanyia. Na ushahidi kwamba ni askari wa Kusini uko katika maandishi: rangi ya nguo, na kwamba wanaomtazama wanaitwa maadui zake.

Bahasha ya manjano

Kabla ya sura ya 3 kwisha, askari mwenye makelele anamjia Henry akiwa amebadilika uso. Anaamini kwamba pigano hili la kwanza litakuwa la mwisho kwake. Anamkabidhi bahasha ya manjano apeleke kwao, huku akilia. Kumbe aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa amebeba hofu ile ile. Andika kinaya, andika taharuki, na andika pia kwamba lakabu "mwenye makelele" imebadilika maana mikononi mwetu: kelele zilikuwa kifuniko.

Jim kwa upande wake anakula. Kila wanapoamriwa kuacha kingo za udongo na mawe walizojenga kwa jasho, wengine wananung'unika, naye anatafuna biskuti ngumu na nyama ya nguruwe kwa utulivu. Wakati utakapofika wa kujadili kifo chake, kumbuka mlo huu.

Asiyesemwa

Mtahiniwa wa kiwango cha juu ataona pia kilichoachwa. Mwanzoni mwa sura ya 1 kuna dereva mweusi wa magari ya kukokotwa, anayecheza juu ya sanduku la biskuti huku askari wapatao 40 wakimshangilia. Uvumi wa Jim unapokuja wanamwacha ghafla, naye anaketi kwa huzuni. Hatumwoni tena. Tangazo la kuwaachilia watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa limeanza kutumika Januari 1, 1863, miezi minne kabla ya pigano hili, lakini katika riwaya utumwa haujadiliwi. Baadhi ya wahakiki huutetea ukimya huu: Henry ni kijana asiyejua anapigania nini, na mwandishi amejifunga kwenye macho yake. Wengine wanauona kuwa pengo. Mimi naona hoja ya kwanza inaeleza ukimya bila kuuondolea lawama. Chagua upande wako, mradi utoe sababu.

Jinsi ya kujibu

Chukua swali hili: "Kungoja ni pigano la kwanza la Henry Fleming. Thibitisha ukirejelea sura ya 1 hadi ya 3. (alama 20)"

Mtahiniwa dhaifu atasimulia: Henry alijiunga na jeshi, akakaa kambini, akatembea. Huo ni muhtasari na utapata alama chache sana. Tazama aya hii badala yake:

"Kungoja kunamtenga Henry na wenzake. Jioni ya siku ya kwanza ya mwendo, wengine wakiwa motoni, yeye anajilaza gizani na kutamani kurudi shambani kwao. Anaamini ni yeye tu anayeogopa, ilhali Wilson, aliyejigamba hawezi kukimbia, anampa bahasha akilia. Hivyo kungoja kumemshinda Henry kwa kumnyima habari muhimu kuliko zote: kwamba hofu ni ya wote."

Hoja iko katika sentensi ya kwanza, mifano miwili inafuata kutoka sura tofauti, na maelezo yanairudisha kwenye swali. Andika aya kumi za namna hiyo, kila moja na hoja yake, na usirudie mfano mmoja mara tatu.

Maswali ya marudio

1. Jadili nafasi ya uvumi katika kujenga taharuki katika sura ya 1 na ya 2. (alama 10)

2. Linganisha na utofautishe Jim Conklin na Wilson jinsi wanavyoikabili hofu kabla ya pigano. (alama 10)

3. Kwa kutumia mifano sita, onyesha jinsi Crane anavyotumia vifaa na mavazi kuonyesha mabadiliko ya askari. (alama 12) Usisahau kofia.

4. "Mama Henry alimwambia yote aliyohitaji kujua, lakini hakusikia." Jadili ukirejelea maiti ya sura ya 3. (alama 20)